Mvua ya Chumba cha Mdogo Wangu

Mama yetu ni mwepesi wa kuamka tangu sisi tukiwa wadogo. Katika nyumba yetu ya Magomeni, ambayo vyumba vyake vinatazamana pande mbili za ukumbi na nyuma ina ua mdogo, yeye ndiye aliyekuwa akisikia tone la kwanza la mvua juu ya bati, na yeye ndiye aliyekuwa akitangulia kutoka kwenda kuanua nguo. Umri ulipomfika, ukaja na shinikizo la damu na masikio yanayochanganya sauti, tabia hiyo haikumtoka. Ndiyo maana usiku mmoja wa Januari, mbingu zikiwa kavu na nyota zinahesabika, mama aliamka saa nane akashika njia ya ukumbini gizani kwenda kuanua nguo za wajukuu zake. Karibu na mlango wa ua aliteleza, akaangukia mkono wake wa kulia.

Hapakuwa na mvua. Sauti aliyoisikia ilikuwa ya feni ya kompyuta ya mdogo wangu. Chumba cha mdogo wangu kimepakana na cha mama, na ukuta unaowatenganisha haukufika kwenye paa. Kama zilivyo nyumba nyingi za zamani za mtaani kwetu, sauti hupanda juu ya ukuta na kushukia upande wa pili. Mashine ile haikuwa ikinguruma kwa sauti moja. Ilitulia, kisha ikapanda taratibu, ikavuma kwa dakika kadhaa, ikashuka tena, mfano wa wingu linalopita juu ya mabati. Mdogo wangu mwenyewe hakuwa akiisikia, kwa kuwa alipokuwa akicheza mpira wake wa kwenye kioo alivaa vipokea sauti masikioni.

Alhamdulillahi, katika kituo cha afya tulikokwenda asubuhi, eksirei ilionesha kwamba hakuna mfupa uliovunjika. Mkono ulikuwa umeteguka. Mama alifungwa bandeji, tukarudi nyumbani. Nilichokifanya baada ya hapo sikiandiki kwa fahari, bali nakiandika kwa sababu nadhani wapo wazazi na kaka wakubwa wengi waliokwisha kukifanya au watakaokifanya.

Niliingia chumbani kwa mdogo wangu, nikachomoa nyaya zote, nikaibeba kompyuta yake hadi msikitini, nikaifungia ndani ya kabati la ofisi ambalo ufunguo wake ninao mimi nikiwa katibu wa kamati. Mdogo wangu alisimama mlangoni akitazama. Alisema neno moja tu, "Kaka," kisha akanyamaza. Tangu siku hiyo akawa anakula kwa kuchelewa ili asikutane nami kwenye mkeka, na nikimwamkia anaitikia salamu kwa kiasi cha wajibu wake, haongezi.

Ni lazima nieleze kompyuta ile ilitoka wapi. Marehemu baba alipofariki aliacha kiwanja ambacho warithi waliafikiana kukiuza. Mimi, nikiwa mkubwa wa ndugu zangu, ndiye niliyesimamia mgawanyo, na ndiye niliyemhesabia mdogo wangu fungu lake mkononi. Alikuwa na miaka 20. Nilimshauri anunue pikipiki. Yeye akaenda Kariakoo akanunua kompyuta ya michezo iliyokwisha kutumika, akaniambia kwamba mbali na michezo ataifanyia kazi ya kuhariri video za harusi. Kwa kweli kazi hiyo aliifanya. Harusi mbili au tatu kwa mwezi zilipita mikononi mwake, na dawa za mama za mwezi wa Desemba zilinunuliwa kwa fedha za harusi mojawapo. Hayo yote niliyajua nilipokuwa nikichomoa nyaya, lakini hasira haina daftari.

Kabati la msikiti, kinyume chake, lina daftari. Kila kilichomo kimeandikwa: vipaza sauti, mikeka ya akiba, majalada, mashine ya kuchapisha. Wiki moja baadaye imamu wetu aliingia ofisini kuchukua waya wa kipaza sauti, akaikuta kompyuta. Akaniuliza, "Katibu, hii ni mali ya msikiti?" Nikamjibu kuwa si mali ya msikiti. "Haimo daftarini?" Haimo. "Basi ni ya nani?" Nikamwambia ni ya mdogo wangu. Akaniuliza kwa upole ule ule, "Ameiweka amana kwako?"

Sikuwa na jawabu. Nilimsimulia kisa cha mama kuanguka, naye akanisikiliza hadi mwisho, akamwombea mama afya. Kisha akanikumbusha jambo ambalo nililisoma miaka mingi iliyopita chuoni, nikalifanyia mtihani na kulifaulu: kwamba miongoni mwa kanuni kubwa za fiqhi ni kuwa madhara huondolewa, na kwamba kanuni hiyo ina mwenzake asemaye kuwa madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. "Wewe," akasema, "umeisoma kanuni ya kwanza ukalifunga kitabu." Akachukua waya wake akatoka.

Nilirudi nyumbani nikiwa na fadhaa. Kumrudishia mdogo wangu mashine ilikuwa haki yake, na juu ya hilo sikuwa na shaka tena. Lakini mama je? Mkono wake ulikuwa ungali kwenye bandeji. Kuirudisha kompyuta kama ilivyokuwa kungekuwa kumrudishia mama mvua yake ya uongo. Nilimweleza mke wangu jikoni, naye alikuwa akipika wali. Sufuria ilianza kufurika, akanyoosha mkono akapunguza moto wa gesi, akasema bila kunitazama, "Hii ikifurika hatuzimi jiko tukalala na njaa. Tunapunguza moto. Huko hakuna pa kupunguzia?"

Sikujua kama papo. Nilikwenda kumuuliza mwenye mali.

Usiku ule niliirudisha kompyuta mezani kwake kwa mikono yangu, nikamwomba radhi mbele ya mama. Mama alisema tu, "Mmeshaelewana? Haya, kaleni." Kisha nikamuuliza mdogo wangu lile swali la jikoni. Kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa aliniangalia usoni. "Papo, kaka," alisema. "Nilikuwa naogopa kugusa, nisije nikaiunguza." Tukakubaliana kwamba hatutaiwasha usiku mpaka tumeishughulikia mchana, sisi wawili.

Hapa, ndugu msomaji, niruhusu nieleze kidogo namna mambo yalivyo ndani ya sanduku lile, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nikidhani kwamba kelele ni hulka ya mashine kama unyayo ulivyo hulka ya tembo. Sivyo. Ndani ya kompyuta ya mdogo wangu mna prosesa ya AMD iitwayo FX-8350, iliyotoka mwaka 2012. Kasi yake ya kawaida ni gigahezi 4.0, nayo hujipandisha yenyewe hadi 4.2 inapoona kazi inahitaji. Mtengenezaji ameikadiria kwa wati 125. Hizo ni zaidi ya taa 13 za wati 9 zikiwaka kwa pamoja, na karibu umeme wote unaoingia humo hutoka ukiwa joto. Joto hilo lote linatoka katika kipande kinachoenea kiganjani, ndani ya chumba ambacho mwezi wa Januari hapa Dar es Salaam kina nyuzi joto 31 hata kabla ya kuwasha kitu chochote. Kazi ya kuliondoa ilikuwa ya feni moja ndogo, na feni ndogo haina namna ya kusukuma hewa nyingi isipokuwa kuzunguka kwa kasi kubwa. Programu ya vipimo ilituonesha kuwa wakati wa kazi nzito feni hiyo ilikuwa ikizunguka mara 5,400 kwa dakika. Hiyo ndiyo iliyokuwa mvua ya mama.

Watengenezaji nao walilijua jambo hili. AMD iliweka katika prosesa zake utaratibu iliouita Cool'n'Quiet, ambao maana yake ni ubaridi na utulivu, unaopunguza kasi na nguvu ya umeme pale mashine inapokuwa haina kazi. Ndiyo maana feni ilikuwa ikitulia na kupanda. Lakini utaratibu huo hautoi nafuu wakati wa kazi. Mchezo ukianza au video ikianza kuunganishwa, prosesa hupanda hadi juu kabisa, na feni huifuata.

Siri aliyonifunulia mdogo wangu ni ya hesabu. Umeme unaoliwa na prosesa wakati wa kazi unakwenda sambamba na kasi yake. Ukipunguza kasi kwa sehemu moja ya kumi, umeme nao unapungua kwa takriban sehemu moja ya kumi. Lakini kwa upande wa volteji, yaani msukumo wa umeme unaoingia, hesabu inakwenda kwa kipeo cha pili. Ukipunguza volteji kwa asilimia 10, umeme unaoliwa hupungua kwa asilimia 19. Mambo haya mawili yanategemeana. Prosesa imejaa mamilioni kwa mamilioni ya milango midogo inayofunguka na kufungika, na ukitaka milango hiyo ifunguke kwa haraka zaidi lazima uisukume kwa nguvu zaidi. Ukikubali iende polepole kidogo, unaweza pia kuisukuma kwa nguvu ndogo, na faida unaipata mara mbili.

Kuna jambo jingine. Prosesa zinazotoka kiwandani hazifanani kabisa; zipo imara na zipo dhaifu kidogo, ingawa zote zina jina moja. Mtengenezaji hawezi kumpimia kila mnunuzi chake, kwa hiyo huweka volteji itakayoitosha hata ile dhaifu. Ni kama mzazi anayenunua sare ya shule iliyo pana ili imfae mtoto yeyote kati ya watatu alionao. Prosesa iliyo imara hubaki inavaa nguo inayompwaya, inakula umeme isiouhitaji na kutoa joto lisilo na faida.

Tulianza kwa kazi nyepesi. Tulifungua ubavu wa sanduku tukatoa vumbi, nalo lilikuwa vumbi la Magomeni la miaka mingi, limeganda kama pamba katikati ya mabati ya kupoozea. Tukafuta dawa ya zamani ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka, tukapaka mpya. Kelele ilipungua kidogo tu. Ndipo tukaingia kwenye bayosi, ukurasa ule unaoonekana kabla Windows haijaanza, ambamo tabia za mashine hupangwa. Kabla ya kugusa chochote mdogo wangu alipiga picha kila ukurasa kwa simu yake, ili tujue njia ya kurudi. Tukazima ule uwezo wa kujipandisha hadi 4.2. Tukashusha kasi kutoka gigahezi 4.0 hadi 3.4. Volteji, ambayo ilikuwa 1.35, tukaanza kuishusha kwa hatua ndogo za 0.025.

Baada ya kila hatua tuliwasha programu iitwayo Prime95, ambayo huipa prosesa hesabu kubwa kubwa ambazo majibu yake yanajulikana, kisha hulinganisha jibu lililopatikana na jibu la haki. Tulifanya hivyo mchana, baada ya adhuhuri, wakati mama akiwa kwa jirani. Tukashuka hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Majibu yakawa sahihi, na feni ikawa inapungua mbele ya masikio yetu. Siku ya tatu tulifika volti 1.125. Mashine iliwaka vizuri. Windows ikafunguka. Mdogo wangu akafungua mchezo wake akafunga mabao mawili. Mimi nikashikwa na tamaa. Nilikuwa na hesabu za msikiti za robo mwaka zinazonisubiri, na kompyuta ya ofisini ilikuwa mbovu. Nikamwambia, "Mashine imepona. Nipe nafasi niandike hesabu zangu humu."

Akasema, "Kaka, tusubiri jaribio liishe kwanza."

Nilikaa nikiangalia kioo kwa kukosa subira. Dakika ya 18, mstari mmoja mwekundu ukatokea. Mojawapo ya sehemu nane za prosesa ilikuwa imetoa jibu lisilo sahihi.

Jambo hilo lilinitia baridi kuliko feni yoyote. Mashine haikuzimika. Haikukwama, haikulalamika, wala rangi ya kioo haikubadilika. Ilikuwa imetulia mno, na katika utulivu huo ilikuwa imekosea. Mdogo wangu alinieleza kwamba msukumo ukiwa mdogo kupita kiasi, mmoja kati ya ile milango midogo huchelewa kufunguka, na pale palipotakiwa pasomeke moja pakasomeka sifuri. Laiti ningekuwa nimeingiza hesabu zangu saa ile, huenda tarakimu moja katika mchango wa kisima ingebadilika, na mimi ningeisoma mbele ya waumini kwa sauti ya kujiamini. Mashine inayozimika imekueleza kwamba imeshindwa. Mashine inayokosea kimya kimya ndiyo ya kuogopwa.

Nikamtazama mdogo wangu, nikakumbuka zile siku tisa. Nilidhani nyumba ilikuwa imetulia. Hapakuwa na kelele usiku, mama alilala, hakuna aliyegombana na mtu. Lakini kijana yule alikuwa amesukumwa chini kupita kiasi chake, na kile nilichokiita utulivu kilikuwa ni kosa ambalo hakuna aliyelipima. Sikumwambia hivyo wakati ule. Nilimwambia tu, "Umefanya vyema kunizuia."

Tukapandisha hadi 1.15, tukaiacha prosesa ifanye hesabu zake kutoka asubuhi hadi alasiri, na halikutokea kosa hata moja. Hata hivyo mdogo wangu aliongeza hatua moja zaidi, akaweka 1.175. Alisema siku tuliyojaribu ilikuwa na mawingu, na ya kesho huenda ikawa na jua kali. Mashine lazima ibakiwe na akiba. Nilimsikiliza kijana wa miaka 20 akizungumza habari ya kuweka akiba, nikakumbuka kwamba ni huyu ndiye niliyekuwa nikimwona hajui matumizi ya fedha za urithi.

Sasa nitoe hesabu ya mwisho kama ilivyo desturi yetu makatibu. Kasi imeshuka kutoka 4.0 hadi 3.4, na volteji kutoka 1.35 hadi 1.175. Kwa kanuni niliyoieleza, umeme unaoliwa na prosesa wakati wa kazi umebaki takriban asilimia 64 ya ule wa mwanzo. Joto lililokuwa likifika nyuzi 71 sasa haliendi zaidi ya 63, tena feni ikiwa inazunguka mara 2,700 kwa dakika, ambayo ni nusu ya mwanzo. Mafundi wa mapangaboi hukadiria kwamba feni ikipunguzwa mzunguko hadi nusu, sauti yake hushuka kwa takriban desibeli 15. Na sikio la mwanadamu huihesabu sauti iliyoshuka kwa desibeli 10 kuwa imepungua kwa nusu. Upande wa umeme, ikiwa prosesa inafanya kazi nzito kwa saa sita kwa siku, wati 45 tulizookoa zinafika takriban uniti 8 kwa mwezi katika LUKU.

Na gharama je? Ipo, na ni uungwana kuitaja. Video ya harusi iliyokuwa ikichukua dakika 40 kuunganishwa sasa inachukua dakika 47. Kwa upande wa michezo, mdogo wangu anasema haoni tofauti, kwa kuwa katika mchezo ule mzigo mkubwa hubebwa na kadi ya picha. Kwa hiyo kilio chote kile, kuanguka kwa mama, ugomvi wa ndugu wawili, na mashine kulala kabatini kwa msikiti, kilikuwa ni bei ya dakika saba ambazo hakuna aliyekuwa akizihitaji.

Kwa wazazi wenye vijana na mashine za namna hii, nina machache ya kuusia. Safisheni vumbi kwanza, kwani huenda likawa ndilo tatizo lote. Msibadilishe kitu kabla ya kuandika au kupiga picha namba za mwanzo. Nakilini kazi zenu mahali pengine. Shusheni kidogo kidogo, jaribuni kila hatua, na mkifika mahali panapokosea, rudini juu na muache nafasi ya akiba. Iwapo mashine itakataa kuwaka, msihamaki: kompyuta nyingi za mezani zina betri ya duara kama sarafu kwenye ubao wake, na kuiondoa kwa muda, waya wa umeme ukiwa umechomolewa, hurudisha mipangilio ya kiwandani. Kompyuta nyingi za kupakata haziruhusu volteji kuguswa. Kwa hizo, ndani ya Windows, kwenye mipangilio ya umeme, ipo sehemu ya kuweka kikomo cha juu cha prosesa kwa asilimia, na kushusha kikomo hicho hadi chini ya 100 husaidia pia. Na zaidi ya yote, msiyafanye haya bila ya kijana mwenyewe kuwepo. Mikono yake ndiyo inayoijua mashine, na mali ni yake.

Mkono wa mama ulipona kabla ya masika. Kwa wiki kadhaa alikuwa akiuliza wakati wa chai ya asubuhi, "Mvua za mwaka huu zimekata mapema, eti?" nasi tukitazamana na kucheka kimoyomoyo. Hatukumweleza habari za volteji. Mdogo wangu ameacha pia kuvaa vile vipokea sauti kila wakati. Anasema chumba kimekuwa kimya, hana haja navyo.

Kisha masika yakaja kweli. Usiku wa mvua ya kwanza, kiasi cha saa tisa, nilisikia hatua ukumbini, moyo ukanipasuka, nikatoka mbio nikidhani ni mama. Alikuwa mdogo wangu. Alikuwa akiingia kutoka uani, mabegani mwake amebeba nguo za watoto wangu zote na kanga mbili za mama, na matone machache tu yamemlowesha kichwani. Alikuwa kazini akihariri harusi, akasikia tone la kwanza juu ya bati.

Aliniwekea kidole mdomoni, akaonesha mlango wa mama. Mama alikuwa amelala.